Kaka Anataka Niseme Naigiza

Cape Town,
Jumapili, baada ya misa.

Mpendwa Dada Otilia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji hajambo, na kile kikohozi cha mwanao wa mwisho kimekwisha. Mimi nipo, nadunda, ila baridi ya huku imeanza na hasira zimenijaa, kwa hiyo nikiandika kwa ukali mahali usidhani nakugombeza wewe. Sitauliza habari za kahawa kwanza wala habari za mvua. Nauliza habari za Mama. Nyonga inaendeleaje? Anaweza kukaa mwenyewe sasa, au bado mnamwinua? Anakula? Ukinijibu anza na hilo, mengine yatafuata.

Nimeandika kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu yako inapita mikono mingi. Najua Kaka Gaudensi akifika kwako, kabla hajakaa anasema, "Hebu nione simu," kama askari wa mpakani. Barua hii anaibeba dada mmoja wa Songea, tunafua naye mashuka hapa hotelini, anakwenda likizo. Ataiacha sokoni Mbinga kwa Mama Usipa, na Mama Usipa atakupa mkononi siku utakayokwenda kununua mboga.

Nataka nikusimulie mwenyewe mambo yote tangu ile video, maana wewe umehadithiwa na watu waliotia chumvi. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna mteremko uliojaa nyasi. Mwenye nyumba ni mama mjane, na tangu nihamie amekuwa akinilalamikia nyasi zile. Mwaka jana mvua za huku zilipoanza, nikafyeka. Nikaziacha zikauke. Halafu nikiwa nimesimama pale na panga mkononi, mteremko mtupu mbele yangu, nikaona ngolo za kwetu Kitura. Niliziona kabisa, kana kwamba mtu alishanipimia. Nikazipanga nyasi mistari ya kushuka na ya kukatisha, nikaazima jembe, nikajifunga kitenge na kilemba, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikaanza kuchimba huku nasimulia.

Nilisema hivi, na sikuzidisha. Kwetu Umatengo mteremko haulimwi ovyo. Mwanaume anafyeka, anazipanga nyasi miraba miraba. Kisha anaingia mwanamke, anachimba udongo katikati ya mraba na kuzifukia nyasi, zinakuwa matuta. Mbegu inakaa kwenye tuta, maji yanabaki shimoni, udongo haukimbilii bondeni; ndizo ngolo zenyewe. Nikasema naitwa Tekla, jina la bibi yangu mzaa mama. Nilipozaliwa walisema mvulana, wakanipa panga, na kila msimu nililitupa lile panga nikaenda kushika jembe upande wa Mama na dada yangu. Unakumbuka Baba alivyokuwa akifoka miaka ya mwanzo? Mwishowe alichoka. "Mwacheni, si anachimba?" Shamba lilikuwa kubwa, wachimbaji wachache, basi ikawa hivyo.

Nikapanda njegere, maana maharage baridi ya huku inayaua. Nikaiweka video kwenye ukurasa wangu, nikaenda kazini.

Niliporudi nilikuta ukurasa unawaka moto. Matusi yalikuja kama yanavyokuja siku zote: jike dume, pepo, laana, umewaaibisha Wamatengo wote. Hayo nimeyazoea, nayaruka kama matope njiani. Lakini bwana mmoja, picha yake gunia la kahawa, akaandika kwa herufi kubwa: "MWANAUME WA KIMATENGO HACHIMBI NGOLO. MWANAUME ANAFYEKA!" Nikamjibu, "Asante sana kaka. Hicho ndicho ninachowaambia siku zote." Dada, watu walicheka mpaka wakasahau kutukana. Yule bwana akafuta maneno yake, akala kona.

Ndipo akaingia Mama Usipa. Kwako sasa ni rafiki, lakini siku ile tulikuwa hatujuani. Mtandaoni anajiita Usipa wa Mbaha, maana anauza usipa, wale dagaa wa ziwani. Akaandika, "Nyie wanaume mnaobwata, mmeshawahi kushika jembe la ngolo nyie? Mwacheni mwenzetu afanye kazi." Mwenzetu! Nilisoma neno lile nikaweka simu chini, nikanywa maji, nikalisoma tena. Baada yake wakaja wanawake wengine. Mmoja wa Kihagara akauliza kwa nini watu wa milimani mnajitesa na mashimo badala ya kulima matuta ya kawaida kama sisi wa ziwani, na wa milimani wakamjia juu, wee! Ilikuwa vita ya udongo. Jioni nzima watu waligombana kwenye ukurasa wangu kuhusu kilimo, na hakuna aliyeuliza nina nini ndani ya kitenge. Sijawahi kufurahi vile tangu nije nchi hii.

Raha haikudumu. Waliotukana walirudi wamejipanga, wakauripoti ukurasa kwa wenye mtandao kwamba unaonyesha uchafu. Uchafu gani? Shimo la njegere! Ukafungwa. Nikalalamika, ukafunguliwa. Ukafungwa tena. Matusi yao ya Kiswahili yanabaki pale pale kwa sababu mashine za watu hao haziyaelewi, lakini mimi nilimwambia mtu mmoja "koma" wakanifutia. Nimechoka, dada. Kutwa nafua mashuka ya wageni, nikitoka nashika simu kujitetea kwa watu ambao wengine wao nilisoma nao mafundisho ya komunyo.

Najua Kaka huwa anakuuliza kwa nini nisiache tu. Nitakuambia kisa kimoja. Kuna mtumishi wa serikali, mtu wa mkoa mwingine, kahamishiwa huko wilaya ya Nyasa. Idara siitaji. Aliniandikia faragha. Yeye ni kinyume changu, alizaliwa wakasema msichana. Anakwenda ofisini amevaa wanavyotaka, wanamwita madam, anaitika shingo upande. Alisema watu kama sisi alizoea kuwaona mtandaoni wakiwa wa mijini, wamepambwa, wana taa za rangi nyuma yao, akajua hayo ni mambo ya mbali. Hajawahi kumwona mmoja mwenye udongo miguuni. Sasa kila nikiweka video ananitumia neno moja tu: "Nipo." Nikiufuta ukurasa, mtu yule atamwambia nani kwamba yupo?

Kaka alinitoa kwenye grupu la ukoo wiki ile ile ya video. Hakuaga, hakuonya. Nilikuwa nasoma habari za ubatizo wa mtoto wa binamu yetu, nikaona maandishi kwamba nimeondolewa. Nawe ulikuwemo mle, dada, na hukusema kitu. Sikulaumu, najua unakaa kwa watu. Lakini iliniuma, siwezi kukuficha.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Siku ile nilikuwa chumba cha kukunja, tukapewa mapumziko ya chai, nikafungua ukurasa. Chini ya ile ile video ya ngolo, Mama Usipa ameandika, mbele ya watu wote: "Tekla mwanangu, wewe si wa Kitura? Nimekwenda hospitali kumwona ndugu yangu, kitanda cha jirani kuna mama wa Kitura kavunjika nyonga akichimba ngolo. Anasema ana mtoto wake yuko Cape Town. Si wewe?"

Ni mimi. Nilikaa juu ya furushi la mashuka machafu. Msimamizi akanifokea ninyanyuke. Nikamwambia mama yangu ameanguka, akaniacha nikae. Mama yangu ameanguka, ukoo mzima unajua, mmechangishana nauli na dawa humo kwenye grupu, na mimi naambiwa na muuza usipa wa Mbaha ambaye hatujawahi kuonana kwa macho! Ukurasa mnaotaka niufute ndio ulioniletea habari za mama yangu. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, hata sasa unaona.

Nilimpigia Kaka kwa simu ya mwenzangu, maana namba yangu alishaifungia. Na ile simu ndogo ya Mama anaishika yeye tangu Mama alazwe.

"Kaka, shikamoo. Mama yukoje?"

"Nani kakuambia?"

Si mzima, si mgonjwa. Nani kakuambia!

"Nimeambiwa mtandaoni."

"Unaona sasa? Mambo ya nyumbani yanaanikwa huko kwa sababu yako."

"Kaka, naomba niongee na Mama. Dakika tu."

Akashusha pumzi. "Wewe uko mbali, wewe huzomewi. Ninayezomewa ni mimi. Napeleka kahawa kupima, watu wananiuliza, 'Dada yako mpya hajambo?' Nasimama kanisani kusoma somo, naona watu wanagusana viwiko. Unajua hilo wewe?"

Nilikuwa silijui, dada, na nilimwonea huruma. Ni kaka yangu, alinibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa na homa. Nikamwambia, "Pole Kaka." Kumbe ndio nimemfungulia mlango.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Fanya hivi. Kuna wale vijana wa Dar wanavaa madera, wanajitia akina mama, watu wanavunjika mbavu. Hata Mama anawapenda, akiwaona anacheka mpaka machozi. Sasa na wewe weka video, sema ulikuwa unaigiza. Vichekesho tu. Halafu zile nyingine futa. Ukishafanya hivyo Mama nampa simu muongee hata mchana kutwa, na Krismasi njoo nyumbani, hakuna wa kukugusa. Watu watasema kumbe mchekeshaji, yaishe."

Umeona? Mwanaume akivaa dera achekeshe, wanaitana waje waone. Mimi nikivaa kitenge nilime, nimeleta laana. Mnaweza kunipokea kwa mikono miwili, mradi niwe mzaha.

Nikamwuliza, "Mama alikuwa anachimba na nani?"

"Peke yake. Wifi yako ana kichanga..." Akajishtukia. Akarekebisha haraka, "Mke wangu ana kichanga. Otilia yuko na mashamba ya mumewe."

"Na wewe?"

"Mimi nilishafyeka nikapanga nyasi. Kazi yangu niliimaliza."

Dada, hapo nilimpandia. Nilisema maneno ambayo sitayaandika Jumapili. Mwenye panga kamaliza sehemu yake kakaa zake. Mikono iliyokuwa ikichimba na Mama mmeifukuza, iko huku inachimba uani kwa mjane asiyejua hata njegere zangu ni za nini. Mama mzee anainama mteremkoni peke yake, anaanguka, halafu wa kuomba msamaha mtandaoni ni mimi? Kaka akakata simu.

Na bado niliirekodi. Usishangae. Nilimtaka Mama, na bei yake ilikuwa neno moja. Nikajifunga kitenge kile kile, nikaegemeza simu kwenye ndoo ile ile, nikabana sauti, nikarembua macho, nikasema, "Jamani, mlidhani kweli? Nilikuwa naigiza!" Nikacheka. Nilicheka vizuri tu, kipaji ninacho. Kisha nikaitazama. Nilimwona mwanaume mmoja nisiyemjua anamwiga Tekla, tena anamwiga kwa dharau. Katika video zote nilizowahi kutengeneza, ile peke yake ndiyo niliyoigiza.

Sikuiweka, lakini sikuifuta pia. Ilikaa kwenye simu. Kila nikienda kazini nilijiambia leo nitaituma, niongee na Mama, mengine nitayamaliza mbele ya safari. Kila nikirudi nilikuwa sijaituma. Huku nako usidhani nina pa kuegemea. Watanzania wenzangu wakiwa na kikao cha msiba hawaniiti, na wenyeji wananiuliza narudi lini kwetu. Kwetu! Natamani wangemuuliza Kaka.

Ndipo ikaja sauti yako, umeirekodi kwa simu ya Mama Usipa. Mungu akubariki, dada, najua ulijificha. Ulinieleza ya daktari, na chuma walichomtia, na maumivu ya usiku, na kwamba uji anakunywa ila ugali anausogeza pembeni. Yote nilisikiliza nikilia. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo mlangoni, ukasema, "Mama Usipa alimwonyesha Mama ile video yako. Kaitazama yote. Kasema kwa kile Kimatengo chake, 'Amefukia mno. Mbegu itakosa pumzi. Mimi sikumfundisha hivyo.' Haya mdogo wangu, salio linaisha."

Neno hilo la Mama wewe ulilisema ukiwa na haraka. Mimi nimelisikiliza tena na tena mpaka nimelijua kwa pumzi zake. Nilitoka nikaenda uani kuangalia matuta mapya niliyochimba. Kweli njegere zangu za mwaka jana zilitoka mbovu, nyingine hazikutoka kabisa, nami nilikuwa nikiilaumu baridi.

Sasa nakuomba kitu, na nakuomba kwa heshima kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Siku ya soko, Kaka akiwa kwenye kahawa, nenda na Mama Usipa mpaka kwa Mama, mnipigie kwa simu yake. Nimeshazungumza na Mama Usipa, amekubali. Usiniambie unaogopa, najua unaogopa, hata mimi naogopa. Nenda hivyo hivyo. Mara ile ulikaa kimya kwenye grupu. Safari hii naomba usikae.

Nisalimie shemeji, mwambie nashukuru hajakukataza kunitaja. Nisalimie wifi na kichanga chake, hata jina sijaambiwa. Wasalimie wanao, mjomba wamezoea, mama mdogo watajifunza, mimi naitikia salamu yoyote yenye upendo. Msalimie katekista aliyenifundisha kusoma, kama bado anaitikia salamu zangu. Mama Usipa mwambie usipa alioniahidi nitaufuata mwenyewe ufukweni Mbaha siku nikija.

Na Kaka Gaudensi msalimie pia. Akikubana kuhusu barua hii, usimfiche, mpe jibu langu. Ile video aliyoitaka nimeifuta asubuhi ya leo kabla ya misa. Ukurasa uko wazi, nao utabaki wazi. Mwambie kwamba Mama anapenda vichekesho, yeye Kaka mwenyewe alinikumbusha. Wale vijana wa madera anawacheka mpaka machozi. Basi mimi amenitazama kitandani, na kitenge changu na kilemba changu, mwanzo mpaka mwisho, na nyonga imevunjika. Amuulize Mama Usipa, alikuwa ameishika simu. Mama hakucheka. Alisema udongo ni mwingi, na mimi nimeshaupunguza.

Mdogo wako,
Tekla